Mizabibu ya Kule, Jua la Huku

Mwanangu Raya,

Salamu zangu leo hazina safari ndefu. Ukuta mmoja tu umetutenganisha. Nakusikia unavyofunga begi na kulifungua tena, na mama yako anavyokwambia kwamba koti hilo halifai, baridi ya kule haina adabu. Ningeweza kuinuka nikabisha mlango. Lakini unanijua: mambo ya mizizi na majani nitakueleza mpaka usinzie, na mambo ya moyo hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo nimevuta kiti, nimechukua kalamu.

Umeniuliza swali mezani, sikukujibu. Hili ndilo jibu, na kama ilivyo desturi yangu litachukua njia ndefu.

Ulingoja mpaka mama yako amekwisha kumimina chai. Ukasema, huku unatazama kikombe na kuugeuza mkononi mkasi wangu wa zamani, "Baba, kesho nnaondoka. Nataka niisikie kinywani mwako. Umeniridhia?"

Bibi yako akawahi kabla sijafungua mdomo. "Watu wanakwenda Ufaransa kununua marashi, huyu anakwenda kulima. Tena kulima ulevi."

"Nnakwenda kulima zabibu, Bibi," ukamwambia.

"Zabibu zipo hapa Matrah sokoni, kila rangi. Mtu hazifuati kwa ndege." Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie. Mwambie mimi nlikwambia nini wewe."

Nikanyamaza. Mama yako akasema chai inapoa. Wewe ukaondoa sahani, nami nikaona mabega yako yameshuka, nikajua umekwisha kujijibu mwenyewe. Umedhani baba hana radhi kwa sababu ya ulevi. Sivyo ilivyo, mwanangu, na nisingependa upande ndege na jibu ambalo sikulitoa.

Ya koti, ya pasipoti, ya kula kwa wakati, hayo nimemwachia mama yako. Mimi nitakueleza nilivyoishi kule, maana hadithi hii umeisikia vipandevipande tu, na vipande nilivyokuwa nikikupa nilivichagua.

Nilikuwa na umri kama wako sasa. Serikali ya hapa Oman ilikuwa ikipeleka vijana nje kusoma, na mimi nikapelekwa kusini mwa Ufaransa kusomea kilimo cha miti ya matunda. Baada ya darasa kila mmoja alitupwa shambani mwaka mzima. Wengine walipata matofaa, wengine pichi. Mimi nikapata mizabibu, kwenye shamba la kale kama hilo uendako wewe: nyumba ya mawe yenye mnara mmoja mfupi, ukuta uliochakaa, na shamba ambalo ukoo mmoja umelilima vizazi vingi hata makaburi yao yamo pembeni mwa shamba lenyewe. Mwenye shamba wakati huo alikuwa mwanamke, Madam Odile. Mrefu, mkavu, amevaa mabuti ya marehemu mumewe, na amesoma kuliko walimu wangu wawili wakiwekwa pamoja.

Siku ya kwanza nilidhani nimeletwa pahala pabaya. Nilitazamia udongo mweusi, mnono. Nikaona mawe. Mawe ya mviringo makubwa kama mikate ya boflo, yametapakaa kila pahala, na katikati yake visiki vyeusi vilivyopindapinda, vimepangwa mistari mpaka macho yanapoishia. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu cha kuchechemea, "Mashamba mazuri yako wapi?"

"Haya," akasema.

Alinieleza, na hili ukumbuke kwa kuwa vitabuni utalikuta limefunikwa na maneno makubwa. Mzabibu ukipewa udongo mnono na maji tele hufurahi, na ukifurahi hutoa majani. Zabibu zake huwa kubwa, zimejaa maji, hazina ladha. Ukiwekwa kwenye mawe, ukaachwa utafute maji wenyewe, hupeleka mizizi chini sana kupita urefu wa mtu, na chakula kidogo unachokipata hukipeleka kwenye tunda. Mawe nayo hunywa jua mchana, na jioni hulitoa lile joto taratibu, kama jiko lililozimwa. Mimi niliyetoka kwenye kisiwa ambacho ukitupa kokwa uani unapata kivuli, nilimsikiliza kama anayenisomea ndoto.

Kisha ikaja kazi ya kupogoa. Ilikuwa kipupwe, majani yote yameanguka, kila mzabibu umebaki na fimbo ndefu za mwaka uliopita. Madam Odile akanipa mkasi na mstari wangu. Babu yako alikuwa na mikarafuu Unguja, na katika nyumba ya mikarafuu mtoto hufundishwa kitu kimoja kabla ya kuhesabu: usivunje tawi. Mchumaji akivunja tawi anagombwa mpaka anatamani ardhi imfiche, kwa sababu tawi la mkarafuu likivunjika limekwenda na karafuu za miaka. Malezi hayo yalikuwa yamo mikononi mwangu. Nikawa nakata ncha tu, kidogo kidogo, kwa upole.

Akaja nyuma yangu. "Umefanya nini hapa?"

"Nimekata, Madam."

"Umeunyoa ndevu. Mimi nilikwambia ukate."

"Matawi ni mazuri. Nikiyaondoa yote utabaki na nini?"

"Nitabaki na zabibu. Wewe unataka kubaki na kuni?"

Akauchukua mkasi akakata. Mara tatu, nne, na ule mzabibu uliokuwa na nywele nyingi ukabaki kisiki na vijiti viwili vifupi, kila kimoja na macho yake mawili. Nilihisi kama nimeshuhudia mauaji. "Zabibu huzaliwa kwenye chipukizi jipya," akasema, "na chipukizi jipya hutoka kwenye jicho la fimbo ya mwaka jana. Ukiacha macho mengi, watoto ni wengi, mama ni mmoja, wote watakuwa na njaa." Akanirudishia mkasi. "Usiuonee huruma. Mti haujui huruma ni nini. Unajua jua na maji."

Ilinichukua majira yote ya baridi kuondoa karafuu mikononi mwangu. Lakini ziliondoka. Yalipoingia machipuo nikaona vile vijiti vinatoa vijani vya rangi ya waridi, kisha kijani, kisha vichala vidogo kama pilipili manga, na nikaelewa kwamba nilichodhani ni ukatili kilikuwa ni hesabu ya mtu anayeona mbali. Nikawa mpogoaji hodari. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, Raya, maana mtu akishinda hofu yake moja huanza kudhani kila hofu ni ujinga. Nitafika huko.

Nilipapenda. Hili sikukwambia. Nilipenda asubuhi za ukungu, mbwa wa shamba aliyekuwa akinifuata kwa sababu ya samaki wa kopo niliokuwa nikila. Nilipenda miti ya mawaridi iliyopandwa mwisho wa kila mstari. Nilidhani ni pambo, nikamwambia Madam Odile kwamba kwetu pia, juu ya mlima wa Jabal Akhdar, mawaridi hulimwa, tunapika marashi yake. Akasema yake hayapikwi, yanaugua. Ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu, waridi huupata kwanza, na mkulima akiona majani ya waridi yamepakwa unga mweupe anajua ana siku chache. Nikaona ajabu, watu kupanda ua ili liugue kwa niaba yao.

Na alinisimulia habari ya mdudu. Zamani za mababu zake alikuja mdudu mdogo kutoka Marekani, asiyeonekana kwa urahisi, akaingia mizizini akaitafuna mizabibu ya Ufaransa karibu yote. Watu walimwaga kila dawa, wakafurikisha mashamba kwa maji, wakasoma sala. Kilichookoa ni kwamba mizabibu ya mwitu ya huko huko Marekani mizizi yake ilimzoea mdudu. Basi wakachukua mzizi wa Kimarekani wakaubebesha tawi la Kifaransa, wakafunga pamoja, vikashikana. Mpaka leo karibu kila mzabibu wa kale wa Kifaransa unaousikia ukisifiwa umesimama juu ya mguu wa kigeni. Nilipenda habari hiyo kupita kiasi. Sisi watu wa Zanzibar tuliorudi Oman, tunaosema Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni, nilidhani nimeipata maana yetu. Nikairudia kwa kila mtu, mpaka nilipomposa mama yako nikamwambia na yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi hakuna mtu alonibebesha. Mimi nlikuja na masanduku sita na mama mgonjwa." Tangu siku hiyo nimepunguza.

Sasa mavuno. Najua hili ndilo linalomtia bibi yako homa, na wewe pia umeliwaza, nimekuona ukisoma. Mimi nilivuna. Niliinama kwenye mistari na watu wengine, tukakata vichala, tukavitia ndooni, ndoo zikamiminwa kwenye gari, gari likaenda nyumbani, na chini ya nyumba ile kulikuwa na sehemu ya mapipa ambayo sikuingia hata siku moja. Madam Odile hakuniuliza kwa nini, wala hakunialika. Lakini sitakudanganya kwamba kutokuingia kulinimalizia maswali. Dini yetu haikumtaja anayekunywa peke yake, wewe unajua. Mkono uliokata kichala ukijua kinakokwenda, una nini? Nilimwuliza shekhe mmoja akanijibu kwa ukali. Nikamwuliza mwengine miaka baadaye, akanijibu kwa upole, na jibu la pili lilinisumbua zaidi ya la kwanza. Mpaka leo sina neno la mwisho la kukupa. Wewe unakwenda kusoma mti na joto, si pipa. Lakini mti na pipa wanalala nyumba moja, na usijifanye huoni. Jipimie mwenyewe, na ukifika pahala moyo wako umekunja uso, ondoka, hata kama watu wanakuona mshamba.

Siku ya mwisho ya mavuno palikuwa na karamu uwanjani, meza ndefu, watu wote. Mimi nikataka kubaki chumbani. Madam Odile akaja mwenyewe kubisha. "Njoo. Nimekuwekea chako." Mbele ya sahani yangu palikuwa na jagi limefunikwa kitambaa: maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi ile, bado baridi, mazito, rangi ya zambarau. Akawaambia wote, "Hili ni la Msaidi, asilinuse mtu." Jina langu hakuweza kulitamka hata mara moja, Saidi akanifanya Msaidi, mwisho nikaitika. Nilikunywa lile jagi peke yangu. Nimekula matunda mengi tangu hapo, na zabibu bora zinazoshuka bandarini, sijapata tena ladha ile. Ilikuwa kama mawe yale yote na jua lile lote limekubali kuingia kikombeni.

Baada ya karamu akaniambia nyuma ya bustani kuna kijumba, kimekaa kitupu. Amezeeka, wanawe wako mjini, hawataki matope. "Kaa," akasema. "Unao mkono. Nitakufundisha mengine."

Nilipiga simu Matrah siku iliyofuata, kwenye posta, nikisimama na sarafu mkononi. Bibi yako alipokea. Nikamwambia kwa furaha, kama mtoto aliyeshinda mtihani. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ukikaa huko, sina radhi nawe." Akakata yeye.

Hilo ndilo alilotaka nikwambie mezani leo.

Nilirudi. Usinielewe vibaya: sikumlaumu, na simlaumu. Yule mama alikuwa ameacha nyumba Unguja, na ndugu zake wametawanyika, huyu Dubai, huyu Cairo, huyu hajulikani. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume na hakuwa na nguvu ya kuhesabu tena watu walio mbali. Na lau ningebaki, nisingekutana na mama yako, wala wewe usingekuwepo, na hilo tu linafunga mjadala wote. Lakini watu walipouliza kwa nini umerudi, nilijibu, "Kule ni mambo ya ulevi." Lilikuwa jibu safi, watu waliitikia kwa vichwa. Nikalisema mara nyingi hata nikaliamini. Sababu ya kweli ilikuwa moja: niliogopa kukosa radhi. Nilirudi kama mtu aliyevutwa na kamba shingoni, na mtu wa namna hiyo hufika nyumbani mwili tu.

Ndiyo maana nilipofika, nilikuja na Ufaransa nzima kichwani, na nikaimwaga juu ya kichwa cha ami yangu Nasser.

Huyo hukumkuta, Mungu amrehemu. Alikuwa na bustani upande wa Rustaq, chini ya majabali, na ndani yake arishi ya zamani, yaani uchanja wa magogo ya mitende uliobeba mizabibu juu, na chini yake falaji, ule mfereji wa maji, inapita. Zabibu zilining'inia kivulini, na watu walikaa kivulini humo humo, wakinywa kahawa, miguu majini. Mimi nikaitazama kwa macho ya Madam Odile. Majani mengi mno. Matawi ya kuni. Hewa haipiti. Jua halifiki kwenye vichala, na kule nilifundishwa kwamba kabla ya mavuno huondolewa majani ya upande wa jua, zabibu zipate kuiva sawasawa. Nikamwambia Ami, "Nipe msimu mmoja, nitakuonesha."

Naye, kwa bahati mbaya, alifurahi. Ami Nasser alipenda kila kitu kipya. Alikuwa wa kwanza kijijini kununua friji, akaitumia kuwekea viatu mpaka umeme ulipokuja. Akawaambia jirani zake wote, "Mtoto wa ndugu yangu kaja na elimu ya Ufaransa. Mwaka huu njooni mle zabibu mjue."

Nikakata. Nilikata kama niliyekuwa nikimlipa mtu kisasi. Machipuo yalipokuja yalikuwa mazuri, vichala vimepangika, Ami anapitisha wageni. Joto lilipoanza, nikapanda ngazi nikaondoa majani yaliyofunika vichala, moja moja, kwa ustadi. Nilijiona msomi pale juu.

Jua la huku halikuwa limesoma vitabu vyangu. Kwa siku chache tu za ule upepo wa moto, zabibu zilibadilika rangi upande mmoja, zikawa kahawia, zikasinyaa, zikapasuka. Zilipikwa mtini. Kule jua ni haba, mkulima analikusanya kama anayechota maji kisimani. Huku jua limejaa, na lile jani nililolitupa ndilo lililokuwa mwavuli wa zabibu. Kila mtoto wa Rustaq amekaa chini ya arishi akajua kwa nini amekaa pale. Mimi nilikaa pale pia, nikanywa kahawa, miguu majini, nikasahau.

Nilikwenda kumwambia Ami. Akatoka, akatazama juu. Hapakuwa na kivuli tena, jua lilikuwa linatupiga sote usoni. Akachuma moja akaitia mdomoni.

"Zabibu kavu tayari," akasema. "Umetupunguzia kazi ya kuanika."

"Ami, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nami nilishika ngazi." Akatafuna. "Ila jirani walioalikwa wewe ndiye utakayewaambia. Mimi nitakuwa nalala."

Na kweli akaenda kulala. Nikawapokea jirani mmoja mmoja, wakala zabibu zile nusu-choma, wakanicheka. Kwa miaka nikipita kijijini walinipigia kelele, "Zinjibari, tanuri lina moto?" Nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba sitashika mkasi tena, nitaomba kazi ya ofisini. Lakini kipupwe kilipoingia Ami Nasser akanipigia simu.

"Mizabibu imeota ovyo. Njoo ukate."

"Ami, baada ya yale?"

"Ndiyo nakwita baada ya yale. Kabla ya yale ulikuwa hujui kitu."

Nilikwenda, nikakata, lakini safari hii niliacha majani yawe mengi juu na nikapunguza matawi ndani, kidogo cha kule, kidogo cha huku. Zikaja zabibu nzuri. Si za ajabu. Nzuri.

Nimekueleza haya yote kwa sababu ya kile ulichonionesha mwezi uliopita, ukiwa umeshika simu na macho yanang'aa. Ulisema kule sasa joto limezidi, zabibu zinaungua mitini kama za Ami Nasser, na wenye mashamba ya kale wanatafuta mtu atokaye nchi ya jua awasaidie kufikiri habari ya kivuli. Ulicheka ukasema, "Baba, wanataka arishi." Mimi sikucheka, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nawaza kwamba mwanangu anakwenda kufanya kosa langu kwa upande wa pili. Usiende na Rustaq begini, Raya. Hata kama wamekuita kwa ajili hiyo. Kaa chini ya mizabibu yao mwaka mzima kabla ya kuwaambia kitu. Tazama ukungu wao unalala wapi, kwani kivuli kinachookoa zabibu huku kinaweza kuwaletea ugonjwa kule. Kata kidogo. Ukikosea, na utakosea, usikimbilie ofisini. Mtafute mtu wako wa kukuita tena; kila shamba lina mmoja, ila kumjua kwake mpaka uharibu kitu kwanza.

Sasa nirudi mezani.

Niliponyamaza sikuwa nikifikiri ulevi. Nilikuwa nakutazama unavyoushika ule mkasi wangu wa zamani ulioukuta stoo, unavyougeuza mkononi, nikajua kwamba utapapenda, kama nilivyopapenda mimi. Mtu akikwambia "kaa", utataka kukaa. Na mama yangu alikuwa ameketi hapo, ananiambia nikutie ile kamba. Kamba ni imara, mwanangu, niliipima kwa shingo yangu. Ningesema neno moja tu, nawe ungerudi, leo au miaka miwili ijayo, ungerudi bila ya shaka. Kwa dakika ile nilitaka kulisema. Nimezeeka, mama yako ana presha, nyumba hii ni kubwa. Nililitaka sana.

Baada ya chakula nilimfuata bibi yako chumbani. Alikuwa kitandani, amevua miwani, anatia ubani kijiko kimoja kwenye chetezo. Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kumwambia vile."

Nilitazamia ugomvi. Akasema, "Nlijua huwezi. Nlitaka nione."

"Wewe je, utamwambia?"

"Mimi? Mimi nlisema mara moja, ikanitosha. Ulirudi, Saidi, ndio. Lakini miaka mingapi ulikuwa ukila kwangu kama mgeni, ukisema ahsante kila sahani. Mtoto hamwambii mama yake ahsante kila sahani." Akafunika chetezo. "Mwambie asiolewe na mtu asiyejua kupika. Mengine nimemsamehe."

Sikujua miaka yote hiyo kwamba aliziona zile ahsante. Nilidhani nimezificha.

Basi sikiliza, Raya binti Saidi. Nimekuridhia. Nimekuridhia ukienda, na huko utakakokuwa, na kwa uamuzi wowote utakaoufikia juu ya mti na pipa. Ukirudi, nimekuridhia. Wakikwambia ukae na ukaona moyo wako umekaa, kaa, na nimekuridhia vilevile, na usije ukapiga simu kuniomba kama mimi nilivyoomba; nipigie kunieleza rangi ya majani. Ukija nyumbani uje kwa hamu, usije kwa hofu. Radhi si kamba ya kufungia mbuzi. Nami nitakukosa, hilo pia ulijue, sitalificha ili nionekane mkubwa. Nitakukosa asubuhi zaidi, wakati wa chai ya maziwa, kabla mama yako hajaamka, tunapokaa wawili bila ya kusema kitu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako kabla ya alfajiri. Kesho uwanja wa ndege watakuwapo watu wa mama yako, na jirani, na bibi yako kwenye kiti chake, na kila mtu atakuwa na la kukwambia. Mimi nitakushika mkono, nitatazama pembeni, nitauliza kama begi limepimwa. Usinisubiri niseme. Nimeshasema.

Baba yako,
Saidi